KWA NINI KICHWA HUWA KIZITO BAADA YA KULA?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unamnyonyesha mtoto, keti vizuri uegemee. Leo tunazungumza juu ya jambo linalompata karibu kila mtu, lakini ni wachache wanaokuja kliniki kulieleza: kichwa kuwa kizito na akili kuzubaa baada ya kula.

Hali hii unaijua. Umepakua chakula saa saba mchana, umekula na umeshiba. Nusu saa baadaye macho yanakuwa mazito. Unaingia chumbani kuchukua kitu, ukifika unasahau ulichofuata. Mteja anakupa noti ya shilingi 200, na hesabu ya chenji ambayo asubuhi ulikuwa ukiifanya bila kufikiri, sasa inakushinda. Mwili uko pale, lakini akili ni kama imefunikwa na ukungu.

Watu wana maelezo mengi kuhusu hali hii. Wengine husema ni uvivu, na mama akisinzia mchana husemwa na majirani, hata na watu wa nyumbani kwake. Wengine husema ni presha, wakameza dawa za mtu mwingine. Wengine hununua vidonge vya maumivu dukani kila siku. Na wengine wana ugonjwa wa kweli, lakini wamezoea kusema "ni shibe tu" mpaka siku wanapobebwa kupelekwa hospitali.

Kwa hivyo leo tutaangalia mambo matatu. Kwanza, ni nini hutendeka mwilini baada ya kula. Pili, ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba hii si shibe ya kawaida. Tatu, ni nini unachoweza kufanya nyumbani bila gharama kubwa.

NI NINI HUTENDEKA MWILINI?

Ubongo ni kiungo kidogo. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote zinazotumika mwili ukiwa umepumzika. Nguvu hizo hutokana zaidi na sukari iliyo katika damu. Na sukari ninayoitaja hapa si ile ya kwenye kopo peke yake. Ugali, wali, chapati, viazi, mkate na ndizi, vyote vikishuka tumboni husagwa na kugeuzwa kuwa sukari, ambayo huingia katika damu.

Sukari ikiongezeka katika damu, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini ni kama ufunguo. Hufungua milango ya chembechembe za mwili ili sukari iingie na itumike. Kwa mtu mwenye afya, sukari hupanda kwa muda wa kama saa moja baada ya kula, kisha hushuka, na baada ya saa mbili au tatu huwa imerudi ilipokuwa.

Lakini mambo huwa tofauti kulingana na chakula. Ukila ugali mkubwa wa unga mweupe na mchuzi kidogo, au chapati tatu na chai yenye sukari nyingi, sukari huingia katika damu kwa haraka, na mwili hulazimika kutoa insulini nyingi kwa mara moja. Kwa watu wengine sukari hushuka kwa kasi, hata ikawa chini kidogo kuliko ilivyokuwa kabla ya kula. Hapo mtu husikia njaa tena mapema, hulegea, na akili huzubaa. Ukila ugali kiasi pamoja na maharagwe na sukuma wiki, nyuzinyuzi za mboga na protini ya maharagwe hupunguza mwendo, na sukari huingia polepole.

Jambo la pili ni shibe yenyewe. Tumbo likijaa, matumbo hutoa homoni, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo: "Tumeshiba, acha kula." Ujumbe huo pia hutuliza mwili. Mlo mkubwa wenye mafuta mengi hukaa tumboni kwa muda mrefu, na mara nyingi huleta usingizi zaidi kuliko mlo mdogo.

Jambo la tatu huwashangaza wengi. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, iliyo katika ubongo. Saa hiyo hutuletea usingizi mwingi usiku, lakini pia hutuletea usingizi kidogo mchana, kati ya saa saba na saa kumi hivi. Watafiti wameona kwamba hata mtu ambaye hakula chakula cha mchana anaweza kusinzia wakati huo. Kwa hivyo chakula hakistahili lawama yote. Huja wakati mwili tayari unataka kupumzika. Ndiyo sababu watu wengi hawasikii uzito kama huo baada ya kiamsha kinywa, hata wakila vizuri.

Jambo la nne ni deni la usingizi. Mama mwenye mtoto mchanga huamka mara tatu au nne usiku kunyonyesha. Mama wa sokoni huamka saa kumi alfajiri kufuata mboga. Usingizi ulioukosa usiku, mwili huudai mchana, na mara nyingi huudai baada ya chakula. Huo si uvivu. Ni deni, na deni la usingizi hulipwa kwa usingizi, halilipwi kwa chai ya rangi.

JE, NI KWELI DAMU YOTE HUENDA TUMBONI?

Wengi wetu tulifundishwa hivyo, kwamba ukila damu hutoka kichwani ikaenda tumboni kusaga chakula. Ni kweli kwamba baada ya kula damu inayokwenda kwenye matumbo huongezeka sana. Lakini moyo huongeza kazi yake, na mishipa ya sehemu nyingine hujibana, ili ubongo upate fungu lake kama kawaida. Kwa mtu mwenye afya, ubongo haukosi damu kwa sababu ya sahani ya chakula. Ila kwa wazee mambo ni tofauti kidogo, na hilo tutalieleza baadaye.

NI LINI SI SHIBE YA KAWAIDA?

Uzito wa kawaida una tabia zake. Huja zaidi baada ya mlo mkubwa, hasa wa mchana. Hukaa saa moja au mbili, kisha huisha. Ukila kidogo, hupungua. Ukilala vizuri usiku, hupungua pia.

Lakini ukiona uchovu huo unakuja hata ukila kidogo, au unaongezeka wiki baada ya wiki, au unakaa siku nzima, au unaandamana na dalili nyingine, usiseme tena ni shibe. Hapa kuna mambo sita ya kuangalia.

1. Upungufu wa damu

Hili ndilo tunalolikuta mara nyingi kwa akina mama. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kwenda kwenye ubongo na misuli, na kazi hiyo huhitaji madini ya chuma. Mwanamke hupoteza madini hayo kila mwezi akiwa kwenye hedhi, na akiwa mjamzito huyagawana na mtoto aliye tumboni.

Dalili zake ni uchovu wa siku nzima, kuhema hata ukipanda mlima mdogo, moyo kupiga mbio, kizunguzungu ukisimama, na weupe ndani ya kope na kwenye viganja. Wengine huwa na hamu ya kula udongo au yale mawe ya odowa yanayouzwa sokoni. Mama, hamu hiyo usiione kuwa tabia tu. Inaweza kuwa ni mwili unaoonyesha kwamba umepungukiwa na madini ya chuma, na kula udongo hakuyarudishi.

Kipimo chake ni rahisi, na hupatikana katika vituo vingi vya afya. Kwa kawaida mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, au mjamzito akiwa chini ya 11, tunasema amepungukiwa na damu. Kama umepewa vidonge vya madini ya chuma na foliki kliniki, vimeze kila siku. Kinyesi kikiwa cheusi usiogope, ni kwa sababu ya vidonge hivyo. Kichefuchefu kikikusumbua, vimeze usiku kabla ya kulala badala ya kuviacha.

2. Ugonjwa wa kisukari

Katika kisukari, ule ufunguo wa insulini hautoshi au haufanyi kazi vizuri. Sukari hubaki katika damu huku chembechembe za mwili zikiwa na njaa. Mtu hula akashiba, lakini nguvu hana, na baada ya kula huzidi kulegea.

Jiulize: Je, nina kiu isiyokatika? Je, naamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo? Je, napungua uzito ingawa nakula? Je, macho yanaona kiwi? Je, vidonda vyangu vinachelewa kupona? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya haya, nenda ukapimwe sukari. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 au zaidi ni cha kisukari, ingawa mhudumu huenda akarudia ili kuhakikisha. Kipimo cha 11.1 au zaidi wakati wowote, pamoja na dalili hizo, pia ni cha kisukari.

Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa, na miongoni mwavyo ni mashine ya kupima sukari na ya kupima presha. Mhudumu wa kijiji chako akikutembelea, usimpe uji tu akaenda. Mwombe akupime.

Mama mjamzito naye akumbuke kwamba kuna kisukari kinachokuja na mimba. Mara nyingi hakina dalili yoyote. Uliza kuhusu kipimo hicho kliniki, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mapema zaidi kama uliwahi kuzaa mtoto mkubwa wa kilo 4 au zaidi, au kama mzazi wako ana kisukari.

3. Presha ya mzee kushuka baada ya kula

Sasa sikiliza wewe unayemtunza nyanya au babu. Nilisema kwamba mwili wenye afya hulinda damu ya ubongo wakati wa kusaga chakula. Kwa mzee, moyo na mishipa huweza kuchelewa kufanya hivyo. Presha hushuka katika saa mbili za kwanza baada ya kula, na nambari ya juu inaweza kupungua kwa 20 au zaidi. Hutokea zaidi kwa wazee wenye presha ya juu, wenye kisukari, na wenye ugonjwa wa Parkinson.

Utamwona mzee amemaliza kula, anasema kichwa kinazunguka, anazungumza kama aliyechanganyikiwa, au anasimama na kuanguka. Watu husema amezeeka. Lakini mfupa wa nyonga ukivunjika, mzee huyo huenda asitembee tena vizuri.

Mpe chakula kidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa. Punguza ugali na wali, ongeza mboga na maharagwe. Mpe glasi ya maji kabla ya kula, isipokuwa kama daktari amemkataza kunywa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo. Baada ya kula aketi kwa muda, na akitaka kusimama umshike mkono. Usimwachishe dawa za presha wewe mwenyewe. Mpeleke kituoni apimwe kabla ya kula na baada ya kula, daktari aamue.

4. Sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari

Mtu anayetumia insulini au vidonge vingine vya kisukari anaweza kupungukiwa na sukari akichelewa kula, au akichoma sindano kisha akala kidogo. Hutoka jasho, hutetemeka, hukasirika bila sababu, huongea maneno yasiyoeleweka. Wengine hudhaniwa wamelewa.

Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula. Akizirai, usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

5. Jiko la makaa ndani ya nyumba

Hili halihusu chakula chenyewe bali mahali kilipopikiwa. Katika sehemu zetu zenye baridi, kama Limuru na Nyandarua, hasa mwezi wa Julai, watu hupika na kulia karibu na jiko la makaa, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo hukalia nafasi ya hewa safi katika damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na akili kuzubaa, na ni rahisi mtu kusema ni chakula.

Utaitambuaje? Mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na mtu akitoka nje hupata nafuu. Ukishuku, toeni watu wote nje kwanza, fungueni madirisha, kisha nendeni hospitali. Na tafadhali, usilale na jiko ndani ya nyumba hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini.

6. Dawa unazotumia

Dawa nyingi za mafua, za mzio na za kuwashwa huleta usingizi. Watu wengi huzimeza baada ya kula, kisha hulaumu chakula. Soma karatasi yake au uulize aliyekuuzia, na usimpe mtoto dawa hizo ili alale.

VIPI KUHUSU WATOTO?

Mtoto mchanga akinyonya akashiba, hulala. Hiyo ni kawaida na ni furaha kwa mama. Lakini ni lazima aweze kuamka na kunyonya tena. Kuna dalili nne za hatari ambazo kila mama na kila mlezi anapaswa kuzijua: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, mtoto anayetapika kila kitu, mtoto mwenye degedege, na mtoto aliyelegea sana au asiyeamka ukimwamsha. Ukiona hata moja, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto wa shule naye anaweza kusinzia darasani mchana. Mara nyingi ameamka saa kumi na moja asubuhi, ameondoka na chai tupu, kisha saa saba akala githeri nyingi kwa njaa. Mpe kiamsha kinywa chenye nguvu ya kudumu: uji wa wimbi, kiazi kitamu au nduma, na yai likipatikana. Hakikisha analala mapema. Akiendelea kuchoka, apimwe damu na malaria, na aulizwe kuhusu dawa ya minyoo.

Lakini kuna hali moja nataka uishike sana. Mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara, kukojoa kitandani tena baada ya kuwa ameacha, na kukonda huku anakula, huenda ana kisukari cha utotoni. Asipotibiwa, huanza kutapika, kupumua kwa nguvu na kwa haraka, kusinzia, na mwishowe kuzirai. Hali hii hufanana na malaria au ugonjwa wa tumbo, na watoto wengine hupotea kwa sababu hawakupimwa sukari. Ukifika kituoni, sema wazi: "Naomba mtoto wangu apimwe sukari." Hiyo ni haki yako na haichukui hata dakika mbili.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Panga sahani yako. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, terere, managu au kunde. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena, mayai, samaki au nyama. Robo inayobaki iwe ugali, wali, chapati au viazi. Nyumba nyingi tunafanya kinyume: mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni. Si lazima uongeze pesa. Punguza unga, ongeza mboga za bustani yako.

Anza na mboga na maharagwe, ugali ufuate. Tafiti zimeonyesha kwamba ukianza na mboga na protini, sukari hupanda kidogo kuliko ukianza na wanga, hata kama chakula ni kile kile.

Chagua unga usiokobolewa. Unga wa kinu uliosagwa pamoja na ganda lake una nyuzinyuzi kuliko ule mweupe wa pakiti. Unaweza pia kuchanganya mahindi na wimbi au mtama.

Usiruke kiamsha kinywa. Mama wengi hulisha watoto na mume, wao wakabaki na chai. Kufika saa nane wana njaa kali, wanakula mlo wa siku nzima kwa mara moja, kisha wanalala juu ya meza. Kula nawe.

Kunywa maji. Mwili uliokaukiwa na maji huchoka na kichwa huuma. Na kuhusu chai, usiinywe pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharagwe. Inywe angalau saa moja baada ya kula. Badala yake, kula chungwa, embe, papai au nyanya mbichi. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kupokea madini hayo.

Tembea kidogo. Dakika 10 hadi 15 za kutembea baada ya kula husaidia misuli kutumia sukari na kuamsha mwili. Ukiwa sokoni, zunguka kidogo. Ukiwa nyumbani, fua au fagia.

Pumzika inapowezekana. Usingizi wa dakika 20 mchana husafisha akili. Ukizidi sana, huamka umelewa usingizi. Baba wa nyumba au mtoto mkubwa amshike mtoto mchanga kwa dakika hizo. Na kama mtu wako ni dereva wa matatu au wa bodaboda, mwambie asibebe abiria mara tu baada ya mlo mkubwa wakati macho yanafumba. Apumzike kwanza.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, soda baridi haiwezi kuniamsha? Hukuamsha kwa muda mfupi, kisha hukuangusha tena. Chupa moja ya mililita 300 inaweza kuwa na vijiko saba vidogo vya sukari au zaidi. Kunywa maji na utembee.

Je, niache ugali kabisa? La. Ugali ni chakula chetu na una nguvu. Tatizo ni wingi wake na unyonge wa kilichoandamana nao.

Mimi ni mjamzito na nasinzia kila nikila. Ni kawaida? Katika miezi mitatu ya kwanza homoni za mimba huleta usingizi mwingi. Lakini usikae ukidhani. Nenda kliniki mapema, upimwe damu, sukari na presha. Ukiona kichwa kinauma sana, macho yanaona giza au nyota, na uso au mikono imevimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana hiyo inaweza kuwa presha ya mimba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kusinzia kidogo baada ya chakula cha mchana ni kawaida, na si uvivu.

Mlo mkubwa wa wanga bila mboga na protini huzidisha uzito huo.

Uchovu wa siku nzima, weupe wa kope, kiu kali, kukonda au kuanguka baada ya kula si shibe. Nenda ukapimwe.

Mtoto aliyelegea au asiyeamka apelekwe hospitali mara moja.

Jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba.

Mpendwa msikilizaji, katika kijiji chako huenda kuna mama anayeitwa mvivu, kumbe damu yake imepungua kwa muda mrefu. Huenda kuna nyanya anayeambiwa ni uzee tu, kumbe presha yake hushuka kila anapokula. Mweleze uliyoyasikia leo, na kama hana wa kumsindikiza kliniki, mfuate mwende pamoja. Kinga ni bora kuliko tiba.